Njia ya mjomba inainuka kila baridi, na zege nene halitaizuia

*"Salaam aleikum. Niko Malindi, nilimaliza diploma ya ujenzi na saa hizi nafanya kazi za kabro (matofali ya zege ya kutandaza njiani) na vibarabara vidogo vidogo. Mjomba wangu yuko Finland upande wa Oulu, ana nyumba nje ya mji na njia ya gari kama mita 40 kutoka barabarani mpaka mlangoni. Kila mwaka kwenye mwezi wa tatu njia inainuka katikati na kupasuka mpasuko mrefu, halafu barafu ikiyeyuka pale palipopasuka panakuwa tope tupu, gari linazama. Ashatia lami mara mbili. Mwaka jana jiwe kubwa limetokeza juu na yeye anaapa halikuwepo. Sasa anataka kumwaga zege la inchi 8 na vyuma ndani amalizane nayo, na jirani kamwambia mambo yote ni kumwaga chumvi. Ananiuliza mimi eti ndo nimesoma, na mimi barafu naijua ya friji. Nimwambie nini? Na hizo mbinu zao haziwezi kutufaa na sisi, mvua inavyotumalizia barabara?"*

Waleikum salaam mdogo wangu. Afadhali umeuliza kabla hajamwaga, manake zege la mita 40 likishakauka kulitoa ni gharama juu ya gharama. Mambo yako ni matatu, kwa nini njia inainuka, hilo zege na chumvi vitafaa ama la, na sisi huku tunapata nini hapo. Nianze na la kwanza kwa sababu hata mafundi wa huko huko baridini kuna wanaolikosea, na ukilikosea hilo mengine yote yanaenda mrama.

Ukiwauliza watu watakwambia maji yakiganda yanavimba, kwa hiyo ardhi inavimba, mambo yameisha. Ni kweli maji yakiwa barafu yanaongezeka kama asilimia 9, lakini hebu piga hesabu. Chukua udongo wa kina cha mita moja umejaa maji kabisa, tuseme asilimia 40 ya ujazo wake ni maji. Yakiganda yote na yasipate pa kupenyea, ardhi itainuka kama sentimita 3.6 tu. Na barabara za kule zinainuka sentimita 10, sentimita 15, pakiwa pabaya hata 20 na zaidi. Sasa hizo nyingine zimetoka wapi?

Kuna mwanajiolojia wa Marekani anaitwa Stephen Taber, alilimaliza hilo swali zamani, mwaka 1929 na 1930. Alichukua udongo akaujaza benzini (ile kemikali ya "benzene", si petroli ya gari) badala ya maji. Benzini ikiganda inasinyaa, haivimbi kama maji, kwa hiyo kama sababu ingekuwa ni kuvimba tu basi ule udongo ungeshuka. Haukushuka, uliinuka. Hapo ndo ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya kuinuka haitokani na maji yaliyokuwemo kwenye udongo tangu mwanzo, ni maji mapya yanayovutwa kutoka chini kuja mahali panapoganda, yakifika yanaganda hapo hapo na mengine yanafuata nyuma.

Inakuwaje yavutwe? Baridi inaingia kutoka juu na kushuka taratibu, na popote ilipofika pana mpaka, juu ya mpaka pameganda na chini bado pabichi. Ndani ya vijitundu vidogo sana vya udongo maji hayagandi kwa urahisi hata ikipita sifuri, yanabaki kama ngozi nyembamba imezunguka chembe. Barafu ikianza kujijenga pale mpakani inayala yale maji ya karibu, na pakikauka hivyo panapatikana mvuto wa kunyonya maji kutoka kwenye udongo wa chini, kama utambi wa kandili unavyopandisha mafuta, moto unakula juu na utambi unazidi kuleta. Mradi baridi haijakoma juu na maji yapo chini, kazi inaendelea usiku na mchana, wiki baada ya wiki.

Ukichimba shimo kwenye barabara kama ya mjombako mwezi wa tatu ukaukata ukuta wake vizuri kwa shoka, utaiona kwa macho. Udongo wa kijivu mgumu kama jiwe, na ndani yake mistari ya barafu safi kabisa imelala kwa ulalo, mwingine mwembamba kama karatasi, mwingine unene wa kidole, mmoja juu ya mwingine. Ukijumlisha unene wa hiyo mistari yote unapata karibu kabisa zile sentimita njia ilizoinuka. Ukivunja kibonge ukakishika kiganjani kikayeyuka, maji yanayotoka ni mengi kuliko udongo wenyewe unavyoweza kuyabeba. Hilo la mwisho liweke akilini, ndo litakalotueleza lile tope.

Na si haraka ya baridi inayoleta hasara kubwa. Baridi ikishuka ghafla ule mpaka unakimbia chini bila kusimama, mistari inakuwa myembamba. Ikija polepole na mpaka ukakaa mahali pamoja siku nyingi, hapo mstari unanenepa. Ndo maana barabara moja inaweza kuharibika zaidi mwaka ambao wenyeji watakwambia baridi haikuwa kali sana.

Kwa hiyo vinatakiwa vitu vitatu vikutane, baridi iliyoingia ndani ya ardhi, maji ya kunywewa, na udongo wa aina fulani. Ukitoa kimoja tu mchezo umekwisha. Baridi ya Oulu mjombako haiwezi, kule barabara inayofagiliwa theluji inaweza kuganda mita moja na nusu mpaka mbili kwenda chini na hata zaidi. Kwa hiyo anabaki na maji na udongo, au kuizuia baridi isifike kwenye huo udongo.

Udongo mbaya kuliko wote si mfinyanzi, watu wanadhani ni mfinyanzi. Mfinyanzi unanyonya kwa nguvu sana ila maji yanapita ndani yake kwa taabu, msimu unakwisha kabla hayajafika mengi. Mchanga nao maji yanapita upesi lakini hauna nguvu ya kuyapandisha juu. Kati ya hivo viwili ndo kuna silti, ule udongo laini wa vumbivumbi, na huu una vyote viwili, unanyonya na unapitisha. Wewe unaujua vizuri, ni huu huu Sabaki inaotuletea kila mvua za bara mpaka bahari ya Malindi inakuwa kahawia na watalii wanalalamika. Sasa pwani ya Oulu na huo upande wote wa magharibi wa Finland ni ardhi iliyokuwa chini ya bahari, inapanda kidogo kidogo tangu barafu kuu ya zamani iyeyuke, na silti imejaa tele. Kwa hiyo mimi sishangai hata kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Arthur Casagrande, huyu tumemsoma sote kwenye masomo ya udongo, alitoa kipimo ambacho mpaka leo watu wanaanzia hapo: kama udongo wenye chembe za saizi zote mchanganyiko una zaidi ya asilimia 3 ya chembe zilizo chini ya milimita 0.02, uogope. Asilimia 3 ni kidogo mno. Maana yake hata kokoto nzuri ya machoni, ikiwa imechafuka vumbi la kutosha, inaweza kuvimba. Nina wasiwasi mjombako hizo mara mbili alizotia lami aliletewa tu changarawe ya bei rahisi yenye vumbi ikawekwa juu kwa juu.

Kuna jaribio la kiganjani mwambie alifanye kiangazi, halitaki maabara. Achimbe nusu mita pembeni ya njia, achukue udongo kama wa kujaza kiganja, aulowanishe mpaka uwe laini lakini usitiririke, atoe mawe. Aubapaze kwenye kiganja kimoja halafu agonge huo mkono kwa mkono mwingine, gonga gonga gonga. Ikiwa ni silti, maji yanakuja juu na uso unang'aa. Akiubana kwa vidole ule mng'ao unapotea ghafla na udongo unakuwa mkavu mkavu na kukatika. Mfinyanzi haufanyi hivyo, unakaa tu unanata. Akitaka kuhakikisha zaidi atie chembe kidogo kwenye meno, silti inakwaruza, mfinyanzi unateleza. (Meno ya mbele, na ateme. Mimi nishawaona mainjinia wa heshima zao wakifanya hivo mbele ya mteja.)

Haya, ule mpasuko wa katikati. Njia ikifagiliwa theluji, ile theluji inasukumwa kando, na theluji ni blanketi zuri sana, inazuia baridi. Kwa hiyo kandokando panakaa na joto kidogo na katikati papo wazi panaganda kwenda chini zaidi, katikati panainuka kuliko pembeni, lami inavutwa kama mtu anakunja ubao, inafunguka kwa urefu. Ukiona mpasuko mrefu katikati ya barabara ya nchi za baridi mara nyingi ni huo. Barabara kuu kule kwao huwa wanalaza wavu wa chuma ndani ya tabaka za juu kuzuia huo mpasuko usifunguke. Wavu hauzuii barabara kuinuka, unazuia kuchanika tu.

Na jiwe lake halikuletwa na jini, mwambie atulie. Lilikuwepo chini siku zote. Udongo unaoganda unalishika jiwe na kupanda nalo, chini ya jiwe panabaki uwazi, na wakati wa kuyeyuka udongo laini na maji yanaingia kwenye ule uwazi kabla jiwe halijarudi chini. Kila mwaka linapanda kidogo bila kushuka sawasawa, mpaka siku linapiga lami kichwa. Wakulima wa huko kila mwaka wanaokota mawe shambani kama kwamba yanaota. Alitoe, na shimo lake alijaze kwa kitu kile kile kilichozunguka, asijaze kokoto safi peke yake hapo katikati ya silti, atapata bonde mahali palipokuwa na kilima.

Hilo la bonde na kilima lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Barabara ikiinuka yote sawa sentimita 10 na kushuka yote sawa, wewe dereva hata hujui. Kinachovunja ni tofauti, hapa imepanda 12, pale 3. Ndo maana pale kalvati linapopita au pale mwamba unapoishia na udongo kuanza, kule huwa wanachimba mteremko mrefu wa kupunguza taratibu, hawakati wima.

Sasa tope. Kuyeyuka nako kunaanzia juu. Kwa hiyo kuna wiki kadhaa, kule ni mwezi wa nne mpaka wa tano, ambapo juu pameyeyuka na yale maji yote yaliyonyonywa msimu mzima yameachiliwa, lakini chini bado kuna barafu ngumu, hayana pa kwenda. Kokoto yako imekaa kwenye maji juu ya sahani ya barafu. Hapo nguvu ya barabara inaanguka vibaya sana. Wamarekani walipofanya yale majaribio makubwa ya barabara karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, wanajeshi wakiendesha malori kuzunguka usiku na mchana, uharibifu mwingi ulitokea majira ya kuyeyuka. Na kwenye majaribio hayo hayo ndo ilipotoka ile kanuni kwamba ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, madhara hayaongezeki mara mbili, yanakaribia mara 16. Sasa mjombako aniambie lori la kuni za sauna linakuja lini. Likiwa linakuja mwezi wa nne, nusu ya tatizo lake amelijua. Alete kuni mwezi wa pili njia ikiwa imeganda kama mwamba, au asubiri mwezi wa saba.

Tuje kwenye zege lake. Inchi 8 ni sentimita 20, uzito wake kama kilo 500 kwa mita moja ya mraba. Unasikika mkubwa. Lakini ile barafu iliyojijenga kina cha mita moja na nusu inanyanyua udongo wote ulio juu yake, na huo ni tani 2 na nusu mpaka 3 kwa kila mita ya mraba, na inaunyanyua kila mwaka bila kuuliza. Nusu tani ya zege ni nini hapo? Uzito unapunguza kunyonya kidogo, sikatai, ila hautoshi. Kitakachotokea ni slebu kuinuka vipande vipande, hiki juu hiki chini, vyuma vitashikilia mipasuko isifunguke sana lakini havitalinyoosha. Na lami ikipasuka unaziba, zege likipinda unavunja kwa mashine. Halafu akimwaga chumvi juu yake, kama zege halikutiwa dawa ya kuacha vitone vya hewa ndani, uso wake utabanduka magamba miaka michache. Yaani kwa hela nyingi kuliko zote anapata matokeo mabaya kuliko yote. Mwambie hapana, na mwambie mimi ndo nimesema akikasirika.

Chumvi ya jirani ni ya kuyeyusha utelezi juu ya lami, basi, na hata hiyo ya kawaida ikipita kama digrii 9 chini ya sifuri inakuwa haina maana tena, na Oulu inashuka 20 na zaidi. Haifiki kwenye udongo kwa kiasi cha kuzuia chochote, na ikifika inasombwa na maji, inaenda kwenye kisima na mizizi ya miti. Kuna chumvi ya kalsiamu ambayo Wafini wanaimwaga kwenye barabara za changarawe, labda ndo jirani ameiona, lakini ile ni ya kiangazi, ya kutuliza vumbi.

Basi afanyeje. Nikiwa mimi ndo mwenye njia, kabla ya kununua kitu ningeanza na mitaro. Mitaro miwili kandokando, na sakafu ya mtaro iwe chini ya tabaka la kokoto, si usawa mmoja nalo, iteremke ili maji yasituame, na kalvati la pale njia inapoungana na barabara liwe wazi. Mitaro mingi ya majumbani kule ni ya jina tu, imejaa nyasi na iko juu kuliko msingi wa njia. Mtaro hautaondoa maji yote ya silti, hauwezi, silti inashikilia, lakini unashusha maji ya chini na utambi unakuwa mrefu zaidi. Na kabla ya kuyeyuka aitoe theluji kwenye mtaro na kwenye mdomo wa kalvati, la sivyo kazi yote bure. Hii ndo kazi ya bei nafuu kuliko zote na ndo watu wanairuka kwa sababu haionekani nzuri kwenye picha.

Baada ya hapo kuna kuchimba. Anatoa silti anaweka mawe yaliyopondwa safi, na katikati yao kitambaa cha barabarani kile kizito ili silti isipande kuchafua kokoto. Akitaka kumaliza kabisa itabidi ashuke karibu na kina chote cha baridi na hilo kwa njia ya nyumbani ni kichaa. Mita moja inatosha kupunguza sehemu kubwa ya kuvimba, na kitakachobaki kitakuwa laini laini bila mabonde makali, akimaliza kwa mteremko kule kwenye ncha mbili. Lakini hesabu zake azijue: mita 40 kwa upana wa mita 3 na nusu kwa kina cha mita 1 ni mita 140 za ujazo, ni lori 14 za mita 10 za kutoa, na 14 nyingine za kuleta, na mahali pa kutupa.

Au aizuie baridi. Kuna mbao za povu gumu, lile lililotengenezwa kwa kukamuliwa lisiloingia maji, si lile jeupe la kufungia tivii ambalo linanyonya. Joto linapita kwenye hilo povu kwa taabu sana, sentimita 5 zake zinazuia kama karibu mita 2 za kokoto. Kwa njia hii angechimba kama sentimita 60, atie mchanga mzuri usawazishwe, alaze mbao bila kuacha nafasi, zizidi pembeni kama nusu mita manake baridi inaingia pia kwa ubavu, halafu juu arudishe sentimita 45 au 50 za mawe. Asije akazilaza juu juu chini ya lami kwa kubania kokoto. Zikiwa juu sana joto la ardhi haliwezi kufika kwenye lami, kwa hiyo usiku wa baridi kidogo sehemu hiyo inaganda na kuteleza mapema kuliko barabara nyingine na gari linatoka njiani. Na rola isipande juu ya mbao zenyewe, atandaze kwanza tabaka la kutosha. Si kitu cha ajabu hiki, reli za Norway zilikuwa zinawekewa mboji iliyobanwa kwa kazi hiyo hiyo kabla povu halijakuwepo.

Ukiniuliza mimi nichague, kwa njia ya nyumba moja inayopita gari mbili na lori la mara moja moja, ningefanya mitaro vizuri, nichimbe sentimita 60 na povu kwenye zile sehemu mbaya tu na miteremko kwenye ncha zake, na juu nisiweke lami hata. Changarawe iliyopondwa. Njia ya changarawe ikiinuka haipasuki, ikishuka unapitisha greda ndogo mwezi wa sita unaendelea na maisha. Wafini wenyewe wana maelfu ya kilomita za changarawe na si kwa sababu hawana hela. Akiwa anataka lazima uso mgumu kwa sababu ya kufagia theluji, hapo kabro, na hapo ndo ufundi wako unaingia mdogo wangu: kabro ikiinuka unaitoa, unasawazisha, unairudisha ile ile. Ila zichaguliwe zile zilizotengenezwa kwa baridi, na mchanga wa kulazia uwe wa chembe kubwa uliooshwa. Ukiutumia mchanga wetu wa vumbi umeurudisha ugonjwa pale pale juu.

Na kama atarudi kwenye lami aulize aina. Huku tunataka bitumeni (ile gundi nyeusi ya lami) ngumu ili isiyeyuke jua la Malindi, kule wanatumia laini zaidi kwa sababu ile ngumu ikikutana na digrii 25 chini ya sifuri inakatika mipasuko ya kukingama kila baada ya mita kadhaa. Kwa hiyo wewe usimwandikie vipimo vyako vya huku.

Sisi sasa. Povu halitufai kitu, mwisho wa barafu yetu ni Mlima Kenya, na kule juu ukienda utaona usiku mmoja tu vijisindano vya barafu vimenyanyua udongo na asubuhi vimeulaza, ni jambo hili hili kwa kipimo kidogo. Lakini ile sehemu ya tope, ya kokoto kukaa ndani ya maji huku lori linapita, hiyo ndo barabara zetu kabisa. Ukiona mashimo yanafumuka Malindi baada ya masika, mara nyingi lami haikukosa, mtaro ulizibwa mchanga na chupa za plastiki, au mtu amejaza mtaro mawe apate kuingiza gari dukani, maji yakakaa chini ya lami wiki mbili na magari hayakusimama. Na kule Garsen kwenye udongo mweusi unaovimba ukinywa maji, sababu ni tofauti kabisa, ule unavimba kwa asili ya mfinyanzi wenyewe, lakini dawa zinafanana: utoe, ama uzuie maji yasiufikie, ama uuchanganye na chokaa. Na ile ya kuzuia malori mazito wiki za udhaifu, kuna majimbo ya Marekani kama Minnesota wanafanya kila mwaka, wanaweka kibao na lori linapunguza mzigo. Sisi kibao tungeweka, wa kukitii sijui.

Kuna mahali mimi wa huku siwezi kumsaidia kwa picha za simu, na hapo atafute injinia wa udongo wa hapo hapo aje aone. Kama kuvimba kuko karibu na ukuta wa nyumba, au mlango umeanza kukaza majira ya baridi, hiyo si shida ya njia tena. Kama bomba la maji au nyaya zinapita chini ya njia asichimbe hata sentimita 30 kabla hazijaonyeshwa, na bomba ambalo lilikuwa limefunikwa na udongo mwingi likipunguziwa udongo linaweza kuganda. Kama njia iko kwenye mteremko na udongo unatambaa, vivyo hivyo. Na la Oulu hasa, pwani ile kuna udongo wa zamani wa baharini wenye salfaidi (madini ya salfa), ukiuchimba na kuuacha hewani unageuka tindikali, mvua inaipeleka mtoni na kuua samaki, kwa hiyo udongo wa kutupa hauendi popote tu na mtaro haushushwi tu kwa kina unachotaka. Aulize halmashauri kwanza, na wakati huo huo aulize masharti ya pale njia inapoungana na barabara ya umma.

Baridi inayokuja asijenge chochote. Apige misumari kwenye lami kila baada ya mita 5, apime kila msumari uko juu au chini kiasi gani kulinganisha na kitu kisichosogea, mfano msingi wa nyumba ulio imara, mara moja mwezi wa kumi kabla ya kuganda na mara nyingine mwezi wa tatu mwishoni. Ataona wazi ni wapi pabaya na kwa kiasi gani, na huenda katika mita 40 ni mita 12 tu zinazomsumbua. Kiangazi achukue udongo wa sehemu hizo apeleke maabara wampe mchanganuo wa chembe mpaka zile ndogo kabisa. Akipata, nitumie hizo namba na vipimo vya misumari, nitakwambia povu liwe la unene gani na lianzie wapi.